Saba

Nilikuwa na jedwali. Safu ya kwanza: kodi.
Ya pili: kasi ya mtandao. Ya tatu: meza,
maana mgongo wangu hausamehe viti vya kulia.
Ya nne niliiandika "utulivu", nikafuta,
nikaandika "uhai", nikafuta,
ikabaki tupu hadi Tbilisi.

Gvantsa wa wakala ana miwani ya kijani
na hatua za mtu anayechelewa mahali pengine.
Alinipeleka Vera kwanza.
Kahawa ya Vera ni nzuri, haki yake naipa,
lakini mkahawani tulikuwa kumi na mmoja,
kila mtu na kompyuta yake, masikio yamezibwa,
tumeizunguka soketi moja ya umeme
kama ng'ombe kisimani wakati wa kiangazi.
Mwenyeji alikuwa yule anayepangusa meza.
Nilijiona mle ndani mara kumi na moja.
Twende, nikamwambia.

Saburtalo: ghorofa ya tisa, lifti inakula sarafu.
Ukikosa tetri ishirini, magoti yatalipa.
Mtandao unapaa. Dirisha linatazama
dirisha jingine, ambamo mzee mwenye fulana
alikuwa akikata nyanya polepole mno
hata nikasahau kupima chochote.
Alinipungia kisu. Nadhani ilikuwa salamu.

Kisha Sololaki.
Ngazi za mbao zinazolalamika kwa zamu,
roshani imeinamia ua kama mtu anayetega sikio,
nguo za watu zinasafiri angani kwa kapi,
mbwa wa mtaa mwenye kipini cha njano sikioni
kalala mlangoni kama mwenye hati.
Jirani, Bi Tsiala, akatumegea mkate wa moto
kabla hajauliza majina.
Nikasema moyoni: hapa hata jembe la siku ya tatu
nitalipokea kwa mikono miwili.
Mtandao ulikwenda mwendo wa kobe.
Nikaandika: unatosha.

Ndipo, kwenye mwimo wa mlango wa chumba kidogo,
nikaona mistari ya penseli, ikipanda,
na kando ya kila mstari tarehe, na neno
kwa zile herufi zao zilizojikunja kama vikonyo vya mzabibu.
Linasemaje?
"Saba," akasema Gvantsa.
Saba nini? Sentimita? Miaka?
"Si nini," akasema. "Ni nani."

Mstari wa juu uliishia kifuani pangu,
mwezi wa Machi, mwaka huu.

"Wako Gldani sasa." Jina lile
halina irabu ya kushikia mwanzoni;
unaliingia kama ngazi iliyokosa kipandio.
"Kodi ilipanda. Mlikuja wengi."
Alisema bila lawama, kama mtu anavyosema
jana ilinyesha, akafunga zipu ya mkoba.

Ningependa kuandika kwamba niliondoka.
Kwamba nilipanda treni ya chini hadi kituo cha mwisho,
nikauliza jengo kwa jengo, nikabisha mlango,
nikasema nini?
Hodi?

Nilitia sahihi. Roshani ilikuwa imeniteka,
na Jumatatu nilikuwa na mkutano saa tatu.
Mwenye nyumba akapiga simu: mlango ule
aupake rangi? Nikasema, uache,
nikajiona mwema kwa dakika nne hivi,
kana kwamba kuacha ni kulipa.

Sasa ni Novemba. Jedwali nimelifuta,
safu ya nne ikiwa tupu vilevile.
Usiku, simu za kazi zikishakwisha,
Bi Tsiala huvuta kamba yake ya nguo,
huinua kidevu kuelekea taa yangu
na kuniambia jambo, refu, kwa upole.
Kijojia changu ni cha kununulia mkate.
Katika maneno yote nashika moja tu,
na hilo nililijua tangu nikiwa mdogo,
nikihesabu kwa vidole.